Vazi la Chuma

Oulu, mwezi wa kumi. Njia za baiskeli zimemwagwa changarawe,
na chumvi kidogo kwenye madaraja.
Niko chini ya jengo, katika chumba cha baiskeli,
nimeipindua fremu ya baba chini juu
kama kondoo anayenyolewa manyoya.

Haina magurudumu. Haina mnyororo.
Ni mabomba tu, na ile kutu
iliyoanzia kwenye kiungo cha kanyagio
ikapanda polepole, bila kelele,
kama mgeni anayejua mwenye nyumba amelala.

Kaka yangu Oiva kapiga simu kutoka Tampere:
"Ipeleke kiwandani. Waipige kwa mchanga
mpaka iwe nyeupe kama mfupa,
waipake rangi ya unga, waioke tanurini.
Miaka ishirini hutaigusa. Nalipa mimi."
Oiva hulipa upesi. Ndivyo anavyoomboleza.

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri kwa msasa,
namba mia mbili na arobaini, kwa maji na sabuni.
Chini ya nyeusi palikuwa na kijani,
na kijani kile nilikijua kabla mkono haujasimama:
kijani cha kabati za jiko letu la Tuira,
mwaka ule mama aliponuna wiki nzima
kwa sababu mlango mmoja ulibaki bila rangi
na baba akaapa kwamba kopo lilikuwa pungufu.

Halikuwa pungufu, Taisto.
Lilipanda baiskeli likaenda kazini.

Na kwenye bomba la juu, upande wa kulia,
pale mfuko wake wa chakula uliponing'inia
asubuhi baada ya asubuhi hadi kiwanda cha karatasi,
hakuna nyeusi, hakuna kijani.
Ni chuma kitupu, kinang'aa kama kijiko,
kimesuguliwa na mkate mweusi na chupa ya kahawa
miaka thelathini na mmoja.
Mchanga wa Oiva hautajua tofauti
kati ya kutu na hapo.

Veijo wa ghorofa ya tatu, aliyewahi kupaka meli rangi,
akashuka na kikombe chake, akasema: vanishi.
Vanishi angavu, tabaka mbili, kila kitu kitaonekana.
Halafu akajikuna kidevu: "Ila kutu ikibaki hata chembe
itatambaa chini yake kama mizizi ya nyasi,
nawe utaitazama tu, kama samaki nyuma ya kioo."
Kikulacho, basi, nitakuwa nimekivisha nguo mwenyewe.

Sikuamua. Nikauchukua uma wake wa zamani,
uliopinda siku ile ya barafu na lori la maziwa,
nikaupaka mikanda mitatu: vanishi, nta, mafuta ya kitani,
nikauning'iniza barazani kwa kamba ya kiatu.

Theluji ikaja, ikakaa. Jua likawa kama mshahara:
linachelewa, na likifika halitoshi.

Machi nikauteremsha.
Nta ilikuwa imekwenda zake, haikuaga.
Vanishi ilipendeza kwa mbali; kwa karibu,
nyuzi za kahawia zilikuwa safarini, kama alivyosema Veijo.
Mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, yananata,
yameshika vumbi na unywele mmoja wa paka,
lakini chuma chini yake kilikuwa kimya.

"Mafuta hayadumu," akasema Oiva. "Kila vuli utarudia."
Ndiyo, nikasema. Kila vuli.
Akanyamaza. Nikasikia treni upande wake.
Kisha akauliza kama ule mlango wa kabati
uliwahi kupakwa rangi.

Haukupakwa. Jiko lilibomolewa nao vile vile,
mbao tupu, wa mwisho karibu na dirisha.

Leo nina tambara la shati kuukuu.
Napaka tabaka nyembamba, nyembamba kuliko nitakavyo,
maana nene haikauki.
Napita juu ya nyeusi, napita juu ya kijani,
na pale pa mfuko napita mara mbili.
Tambara nitalitandaza nje, juu ya theluji:
Veijo anasema ukilikunja na kulisahau
huweza kuwaka lenyewe.